JINA LISILOFIKA KWENYE KARATASI HALIPIGIWI KURA

Haya ni maneno tuliyowaambia viongozi wa matawi ya chama kutoka Ifakara, Mlimba na ng'ambo ya mto, waliokutana Ifakara kwa mafunzo ya siku moja. Mhariri ametuomba tuyatoe gazetini ili wale ambao hawakuweza kufika wayasome.



Matawi mengi yametuuliza habari za ile kura mpya inayosemwa sana siku hizi, kura ambayo mpiga kura hatii alama moja akaondoka, bali huwapanga wagombea: huyu wangu wa kwanza, huyu wa pili, huyu wa tatu. Wamesikia kwamba Zohran Mamdani, kijana aliyezaliwa Kampala, alipenya katika chama chake kule New York mwezi Juni 2025 kwa kura ya namna hiyo, na Novemba mwaka huo huo akachaguliwa kuwa Meya. Basi wanauliza: kwa nini na sisi tusiidai kura hiyo kwa ajili ya vijiji vyetu?

Swali ni zuri, na tutalijibu. Lakini tangu mwanzo twasema wazi kwamba kabla ya kubishana juu ya namna ya kuhesabu kura, yatupasa tujue nani anaruhusiwa kuingia katika hesabu hiyo, na nani ameandika sharti la kuingia. Huko ndiko tulikopigwa sisi. Hatukupigwa kwenye sanduku.

Kwanza tuieleze kura yenyewe, maana si jambo la wasomi peke yao. Tuseme kitongoji kina wapiga kura 300 na wagombea watatu: mkulima wa mpunga, mwalimu mstaafu na mama mwenye duka. Mkulima apata kura 120, mwalimu 100, mama 80. Kwa desturi yetu mkulima ndiye mwenyekiti, ingawa watu 180 walimtaka mwingine. Kwa kura ya kupanga, hakuna aliyevuka nusu, kwa hiyo mama aliye wa mwisho aondolewa, na karatasi zake 80 zatazamwa tena: wa pili wao ni nani? Zikiwa 60 zasema mwalimu na 20 zasema mkulima, mwalimu afika 160 na mkulima 140. Mwalimu ameshinda, na ameshinda kwa nusu na zaidi.

Faida yake mwaiona. Wagombea wawili wanaopendwa na watu wa namna moja hawaharibiani tena. Hakuna sababu ya kumwendea mama usiku na kumwambia ajitoe asije akagawa kura. Kule New York Bwana Mamdani na mgombea mwenzake Brad Lander waliwaambia wafuasi wao hadharani: niweke mimi wa kwanza na mwenzangu wa pili. Hesabu ilipokwisha Bwana Mamdani alikuwa na asilimia 56, na mpinzani wake mkubwa, Gavana wa zamani Andrew Cuomo, asilimia 44.

Haya. Sasa tuutazame mlango. Kuingia katika orodha ile ya kugombea umeya ndani ya chama, mtu alitakiwa kukusanya saini halali 3,750 za wanachama wa chama chake waliojiandikisha katika mji. Saini hizo wapinzani huzipekua mstari kwa mstari. Sharti hilo ni zito, lakini liangalieni lilipotoka: idadi hiyo imeandikwa katika katiba ya mji wenyewe wa New York, na mji ndio ulioipunguza kutoka kiwango kikubwa zaidi kilichowekwa na sheria ya jimbo.

Mji mwingine wa Marekani, Minneapolis, wanakoishi ndugu zetu wengi wa Afrika Mashariki, Wasomali hasa, umetufundisha zaidi. Mwaka 2013 ada ya kugombea umeya pale ilikuwa dola 20 tu, bei ya chakula cha siku moja kwa mtu wa kule. Walijitokeza wagombea 35! Kila mpiga kura aliruhusiwa kupanga watatu, na hesabu ilikwenda raundi 33 ndipo Bibi Betsy Hodges akatangazwa mshindi. Watu wa mji wakasema huu sasa ni mchezo. Mwaka 2014 jambo likapelekwa kwa wapiga kura wenyewe, nao wakakubali ada ya umeya ipande mpaka dola 500, na kiti cha baraza la mji dola 250. Uchaguzi wa 2017 ukawa na wagombea 16 wa umeya.

Sisi hatusemi kwamba dola 500 ni sharti jema. Ni zaidi ya shilingi milioni moja, na mlango wa fedha humfungia nje maskini, hata kama kura inahesabiwa kwa namna nzuri kuliko zote duniani. Tunachosema ni kwamba wakazi wa mji ule waliuona mlango wao umekuwa mpana mno, wakaupima, wakaupunguza kwa kura yao. Aliyekasirika alijua pa kwenda kulalamika. Ilikuwa ni hapo hapo mjini.

Je, sisi? Halmashauri ya Mji wa Ifakara haina mamlaka ya kuongeza wala kupunguza neno moja katika masharti ya mtu kugombea uenyekiti wa mtaa au kijiji. Mlimba nako haina, Ulanga haina, Malinyi haina. Sheria Namba 7 na Namba 8 za mwaka 1982 ndizo zilizounda serikali zetu za mitaa, na kanuni za uchaguzi wa vijiji, vitongoji na mitaa hutungwa na Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI. Kanuni moja kwa Ifakara, kwa Ukerewe na kwa Newala. Twaita serikali hizi za mitaa, lakini mtaa hauandiki hata mstari mmoja wa sharti la kumpata mwenyekiti wake.

Masharti yenyewe ukiyasoma hayatishi. Mgombea awe raia, awe ametimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, awe mkazi wa pale, awe na shughuli halali ya kumpatia riziki, na awe amedhaminiwa na chama cha siasa. Mkulima yeyote wa Mbingu aliyemaliza shule anayatimiza kabla hajanywa chai. Hakuna dola 500, hakuna saini 3,750. Tukilinganisha kwa karatasi tu, mlango wetu ni mpana kuliko wa New York.

Lakini mwaka 2019 ulionyesha mlango mpana unavyoweza kufungwa kwa kalamu. Wagombea wa vyama vya upinzani kwa maelfu, nchi nzima, waliambiwa hawakuteuliwa. Huyu ameandika jina la chama kwa kifupi, yule hakujaza vizuri shughuli yake, mwingine aliyemdhamini hakutambuliwa. Ofisi nyingine zilikutwa zimefungwa siku ya kurudisha fomu. Vyama vikaanza kujitoa, CHADEMA na ACT-Wazalendo vikiwa miongoni mwao. Waziri wa wakati ule akatangaza kwamba waliorudisha fomu waruhusiwe kuendelea, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Uchaguzi ulifanyika tarehe 24 Novemba 2019, na sehemu nyingi sana haukufanyika kabisa, kwa kuwa mgombea mmoja alipita bila kupingwa. Chama kinachotawala kilichukua zaidi ya asilimia 99 ya vijiji. Kumbukeni kwamba mwaka 2014, miaka mitano tu nyuma, karibu kijiji kimoja kati ya vitano kilikuwa kimekwenda kwa vyama vingine. Je, watu waligeuka mioyo kiasi hicho kwa miaka mitano? Hakuna ajuaye, maana hawakuulizwa.

Mwaka 2024 watu 31,282,331 walitangazwa kuwa wamejiandikisha kupiga kura ya mitaa. Fomu zikatolewa na kurudishwa kati ya tarehe 26 Oktoba na 1 Novemba, uteuzi ukawa tarehe 8, malalamiko yakawa yale yale, na tarehe 27 Novemba matokeo yakawa zaidi ya asilimia 98 kwa chama kimoja.

Sasa wewe unayetaka kura ya kupanga, utapanga nini? Karatasi yenye jina moja haina wa pili wala wa tatu. Mpe mtu huyo kalamu ya dhahabu, bado ataandika moja na kurudi shambani.

Ndugu zetu, jambo hili halikuanza leo, na wazee waliomo humu walisimuliwa na baba zao. Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria, wa Septemba 1958 na Februari 1959, ulikuwa na mlango wa ajabu. Kupiga kura kulitaka pato la pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au kushika kazi fulani, hata wapiga kura wote wakawa kama 60,000 katika nchi ya watu zaidi ya milioni nane. Tena kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watatu, Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, na karatasi isiyo na alama tatu iliharibika. Wengi katika TANU walitaka kususa. Mkutano wa Tabora, Januari 1958, Mwalimu Nyerere akauvuta upande wa kuingia. Bwana Zuberi Mtemvu hakukubali, akaondoka kuunda chama chake. TANU wakaingia mlango ule mbovu wakiwa wameusoma kila bawaba, wakachagua na Wazungu na Waasia wa kuwaunga mkono, na viti vyote vikaenda kwa waliosimama na TANU.

Tena mwaka 1965, nchi ilipokuwa ya chama kimoja, tulikuwa na kitu kilicho karibu na hiyo kura ya kupanga kuliko watu wanavyokumbuka. Mtu aliyetaka ubunge alipata saini 25 za wapiga kura. Kisha mkutano wa wilaya wa TANU uliwapigia kura waombaji wote, majina yakapangwa kwa wingi wa kura, wa kwanza, wa pili, wa tatu, na orodha ikapelekwa Halmashauri Kuu. Hiyo ikateua wawili wa kwenda kwa wananchi, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Halmashauri Kuu haikufungwa na mpango wa wilaya, ingawa mara nyingi iliufuata. Waheshimiwa kadhaa waliangushwa mwaka ule, hata waziri Paul Bomani. Yaani wananchi walipewa majina mawili tu, lakini mawili ya kweli, na mawili yakatosha kumwangusha mkubwa. Tafadhali msituelewe vibaya, hatuutamani mfumo wa chama kimoja. Twaonyesha tu kwamba nguvu ya kura imo katika jina la pili.

Kuna sharti moja ambalo sisi watu wa vyama hatupendi kulizungumza, nalo ni lile la kudhaminiwa na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga mahakamani miaka mingi. Mahakama Kuu ilimpa haki mwaka 1994 na tena mwaka 2006, Mahakama ya Rufani ikaitengua mwaka 2010, na tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha ikasema kwamba kumzuia mtu asiye na chama ni kuvunja haki zake. Hata leo sharti lipo. Wenzetu wa Kenya wanao wagombea binafsi tangu Katiba yao ya 2010. Ukweli ni kwamba sharti hili latunufaisha sisi hapa, maana anayetaka uenyekiti hana budi kuja kwetu au kwa wenzetu. Lakini ndilo hilo hilo lililompa mwenye kalamu sababu ya kusema, 'mdhamini wako simtambui.' Mgombea aliyesimama kwa jina lake mwenyewe hawezi kukatwa kwa kosa la katibu wa tawi. Kwa maoni yetu chama chetu kiseme hadharani kwamba sharti hilo liondolewe. Kama hatuwezi kupata wagombea ila kwa kuwafungia mlango wa nje, basi hatustahili kuwapata.

Mtu mmoja asiseme kwamba uenyekiti wa kijiji ni cheo kidogo, tusubiri ubunge. Hapa bondeni si kidogo hata punje. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji iko mikononi mwa halmashauri ya kijiji, watu 15 mpaka 25, na haigawiwi bila kibali cha mkutano mkuu wa kijiji. Anayeuitisha mkutano huo na kukaa kitini ni mwenyekiti. Sote twajua ardhi ya bonde hili inavyotazamwa. Mkulima wa mpunga anaitaka, mfugaji anaitaka, wa miwa kule Kidatu anaitaka, mwenye mashine kubwa anaitaka, na hifadhi nayo inaitaka: bonde liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu mwaka 2002, na mwaka 2023 Pori Tengefu la Kilombero likapandishwa kuwa Pori la Akiba. Bikoni zinapokuja kuwekwa, wa kwanza kuulizwa 'mpaka wenu uko wapi' ni mwenyekiti wa kijiji. Barua ya kijana au mama anayetafuta mkopo wa halmashauri huanza kwake. Mwenyekiti aliyepita bila kupingwa anajua kwamba hakuwekwa na watu wa kijiji, na siku ya mpaka atamtazama yule aliyemweka.

Basi tufanye nini? Yako mambo ya kudai na yako mambo ya kufanya wenyewe, na haya ya pili ndiyo yanayotuuma zaidi.

La kudai ni hili. Sheria ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ya mwaka 2024 imetaja kusimamia uchaguzi wa vijiji, vitongoji na mitaa kuwa miongoni mwa kazi za Tume, kwa utaratibu utakaowekwa na sheria ya Bunge. Uchaguzi wa Novemba 2024 ulisimamiwa na TAMISEMI hata hivyo. Watu walikwenda Mahakama Kuu kupinga, wakashindwa. Hiyo sheria ya utaratibu ndiyo ya kuidai mapema, kabla ya uchaguzi ujao wa mitaa, na ndani yake kiandikwe kifungu kwamba kosa la uandishi lisilogusa sifa ya mtu lirekebishwe hapo hapo mezani. Mtu mwenye miaka 40, aliyezaliwa Mang'ula, anayelima Mang'ula, asikatwe kwa sababu ya herufi. Kifungu hicho kimoja kingerudisha wagombea wengi kuliko kura ya kupanga mara kumi. Na tukiisha kupata majina mawili matatu katika kila kitongoji, ndipo twaweza kusema: sasa halmashauri zetu zipewe ruhusa ya kujaribu kura ya kupanga, zikianza na wajumbe wa halmashauri ya kijiji, ambako viti ni vingi na wagombea ni wengi. Hapo ingefaa sana.

Sasa ya kwetu. Sisi tuliosomea ualimu twajua kwamba mtoto hafeli mtihani kwa ujinga peke yake, wengine hufeli kwa kutosoma swali. Tumeona fomu za wanachama wetu zilizoandikwa kwa kalamu mbili za rangi mbili. Tumeona tarehe ya kuzaliwa ya fomu isiyolingana na ya kitambulisho. Tumeona jina la tatu likiwa la babu huku na la ukoo kule. Tumeona fomu iliyoletwa saa kumi kasoro dakika tano ya siku ya mwisho, kwa bodaboda, imelowa. Mwenye nia mbaya akipewa fomu kama hiyo hahitaji hata kutunga hila!

Kwa hiyo tangu sasa kila tawi lifanye zoezi la fomu kila robo mwaka. Fomu za mwaka 2024 tumezipiga nakala, zijazwe kwa penseli, zisahihishwe kama daftari la shule. Jina la chama liandikwe kwa ukamilifu, herufi kwa herufi kama lilivyosajiliwa, na kifupi chake kisahaulike. Penye shughuli, mtu aandike 'mkulima wa mpunga' au 'fundi cherehani', asiandike 'mjasiriamali' akafungua mjadala. Jina la kiongozi wa kudhamini katika kila kijiji lipelekwe kwa msimamizi kwa barua mapema, na nakala ya barua ipigwe muhuri wa kupokelewa. Fomu irudishwe siku ya pili, siyo ya mwisho, na mtu asiende peke yake. Aende na mashahidi wawili, mmoja wao mwanamke, maana twaona akina mama hawakubali kuondoka bila risiti. Kabla ya kuikabidhi ipigwe picha kila ukurasa. Mlango ukikutwa umefungwa, upigwe picha na mlango, na saa iandikwe.

Na rufani, ndugu zangu. Siku za pingamizi na rufani ni chache mno, zahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Anayesubiri katibu wa wilaya atoke safari amekwisha shindwa. Kila kata iwe na mtu wake ajuaye kuandika rufani usiku ule ule, na karatasi yake iwe tayari, imebaki jina na sababu tu.

Nakala za fomu ziko mezani kwa mtunza hazina, tano kwa kila tawi. Matawi ya Idete, Mbingu na Mchombe, ambayo 2024 yalikuwa na fomu nyingi zilizokataliwa, yabaki baada ya chakula ili tuzipitie moja moja pamoja.